Visanduku 100 vya Super Bowl: namba ipi ina thamani, na kapu lipi la kuingia

Super Bowl, yaani fainali ya ligi ya futiboli ya Kimarekani (NFL), inapokaribia, karatasi yenye mistari huanza kuzunguka Marekani: maofisini, kwenye maghala, vinyozi, baa na sebuleni kwa watu. Ina visanduku 100, kumi kwa kumi. Unaandika jina lako kwenye kisanduku, unatoa dola 5, 10 au 20, basi. Asiyejua hata sheria moja ya futiboli ya Kimarekani anaweza kuondoka na hela nyingi kuliko aliyeifuatilia tangu utotoni. Mswahili aliyezoea kuweka mkeka wa wikiendi atauliza kwanza: odi nzuri ziko namba gani?

Swali halina ubaya, ila lina mtego. Kwenye kapu la haki (kapu ni hela zote za karatasi moja na kanuni zake za kulipa), unapolipa namba bado hazijapangwa. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kulinganisha, na wengi huyachanganya: thamani ya namba yenyewe, na aina ya kapu unaloingia. La kwanza mara nyingi hulichagui, linakuangukia. La pili ndilo lililo mkononi mwako, na ndilo watu wasilolisoma kabla ya kutoa noti.

Karatasi inavyofanya kazi

Timu moja huandikwa juu, nyingine ubavuni. Visanduku vikishajaa, namba 0 hadi 9 huchomolewa kwa kura mara mbili: mara moja kwa safu za juu, mara moja kwa safu za ubavuni. Kila kisanduku sasa kina namba mbili, moja kwa kila timu. Mchezo una robo nne za dakika 15. Kila robo ikiisha, unachukua tarakimu ya mwisho ya pointi za kila timu. Katika fainali ya 2025, Philadelphia walikwenda mapumziko (mwisho wa robo ya pili) wakiongoza Kansas City 24–0. Tarakimu ni 4 na 0. Aliyekaa penye Philadelphia 4 na Kansas City 0 akachukua mgawo wa mapumziko.

Pointi hupatikana hivi: tachidauni, yaani kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la mpinzani, ni 6, na baada yake timu hupiga teke la nyongeza la pointi 1, au hujaribu kuingiza tena mpira kwa pointi 2. Teke la golini peke yake ni 3. Seifti, yaani kumkamata mpinzani na mpira ndani ya eneo lake la mwisho, ni 2, na hutokea kwa nadra. Kwa hiyo hesabu ya kawaida ya mchezo huu inakwenda kwa saba na kwa tatu, na hapo ndipo namba zinapoachana thamani.

Kwa nini 5 na 2 zina njaa

Chukua kalamu ujaribu kupata kila jumla kwa kujumlisha saba na tatu tu. Jumla 1, 2, 4, 5, 8 na 11 hazipatikani kabisa. Kuanzia 12 zote zinapatikana. Lakini kupatikana ni jambo moja, na idadi ya mabao yanayohitajika ni jambo jingine. Namba 0 hata haihitaji bao, timu huanza nayo, kisha inarudi kwenye 10 kwa mabao mawili (7+3) na kwenye 20 kwa manne. Namba 7 inataka bao moja, na inarudi kwenye 17 kwa matatu. Namba 4 huja kwenye 14 kwa mawili na 24 kwa manne. Namba 1 hungoja 21, mabao matatu.

Sasa tazama 2. Mlango wake wa kwanza ni 12, mateke manne ya golini bila tachidauni hata moja. Unaofuata ni 22, na huo ni mabao sita: saba moja na tatu tano. Namba 5 inataka 15, mateke matano, au 35, tachidauni tano kamili. Namba 8 nayo ni 18 kwa mateke sita au 28 kwa tachidauni nne. Njia za mkato zipo, lakini zote zinapitia kosa au ujasiri: teke la nyongeza lililokosa, jaribio la pointi 2 lililofaulu, seifti.

Mwaka 2015 ligi ya NFL ilisogeza teke la nyongeza nyuma, likawa la yadi 33. Kabla ya hapo lilikuwa kama kumsukuma mlevi. Tangu hapo linakosa mara nyingi zaidi, na makocha nao wamekuwa wepesi kujaribu pointi 2. Mambo hayo mawili yanazilisha kidogo namba zenye njaa. Kidogo, si sana.

Hesabu yenyewe

Jedwali hili limehesabiwa kutoka kwenye matokeo. Safu ya kwanza ni matokeo ya mwisho ya fainali zote 59, kuanzia 1967 hadi 2025, yaani alama 118 (tarakimu moja ya mwisho kwa kila timu katika kila fainali). Safu nne zinazofuata ni fainali kumi za 2016 hadi 2025, robo kwa robo, alama 20 kila safu.

| Namba | Mwisho, fainali 59 | Robo ya 1 | Mapumziko | Robo ya 3 | Mwisho |
|---|---|---|---|---|---|
| 0 | 16 | 9 | 6 | 5 | 4 |
| 1 | 16 | 0 | 2 | 2 | 3 |
| 2 | 6 | 0 | 2 | 0 | 2 |
| 3 | 12 | 4 | 5 | 3 | 4 |
| 4 | 15 | 0 | 3 | 1 | 2 |
| 5 | 7 | 0 | 0 | 0 | 2 |
| 6 | 10 | 0 | 1 | 3 | 0 |
| 7 | 20 | 6 | 1 | 2 | 0 |
| 8 | 7 | 0 | 0 | 1 | 2 |
| 9 | 9 | 1 | 0 | 3 | 1 |

Kama namba zote zingekuwa sawa, kila moja ingetokea karibu mara 12 kwenye safu ya kwanza. Namba 7 imetokea mara 20, namba 2 mara 6. Tofauti ya mara tatu na zaidi kwa namba moja tu. Ukiunganisha namba mbili mbovu kwenye kisanduku kimoja, ubovu hauongezeki, unazidishana.

Ila usome safu ya robo ya kwanza taratibu, kwa sababu ndiyo inayofundisha zaidi. Kati ya alama 20, 19 ni 0, 7 au 3. Iliyobaki moja ni 9 ya Philadelphia mwaka 2018: teke la golini, kisha tachidauni ambayo teke lake la nyongeza lilikosa. Hakuna 1, hakuna 4, hakuna 5. Mara nyingi dakika 15 hazitoshi kufika huko. Mapumzikoni 4, 1 na 2 zinaanza kuchungulia. Robo ya tatu 6 na 9 zinaingia. Matokeo ya mwisho yanakuwa mchanganyiko kabisa. Namba mbaya huhitaji muda.

Na tazama 7. Kwa fainali zote ndiyo malkia, lakini mara ya mwisho kuonekana kwenye matokeo ya mwisho ni 2012, New York Giants 21, New England 17. Kuanzia 2013 hadi 2025, fainali 13, haijatokea hata mara moja. Wapo watakaokuambia mchezo umebadilika na 7 imekufa. Si kweli, katika muongo huo huo imetokea mara sita mwisho wa robo ya kwanza. Alama 26 ni chache mno kuzika namba, na kurusha sarafu nako huleta mikondo ya namna hiyo. Lakini inatosha kumtahadharisha anayetaka kununua 7 kwa bei ya dhahabu kwenye kapu linalolipa matokeo ya mwisho peke yake.

Jozi, si namba

Kisanduku ni jozi, na jozi zina tabia zake. Katika fainali 59, jozi iliyofunga mchezo mara nyingi zaidi ni 4 na 7: mara tano (14–7, 24–7, 37–24, 34–7, 17–14). Zinafuata kwa mara tatu tatu 7 na 0, 7 na 1, 4 na 1, na, cha kushangaza, 5 na 1 (35–31, 35–21, 31–25). Jozi ya 0–0, ambayo kila mtu huililia, haijawahi kufunga fainali hata moja. Thamani yake kubwa iko mwanzoni: kati ya fainali kumi za 2016 hadi 2025, nne zilimaliza robo ya kwanza kwa 0–0 (2016 ilikuwa 10–0, na 2017, 2019 na 2024 hakuna aliyefunga).

Sasa tuweke hela. Chukua kapu la dola 1,000, kisanduku dola 10, na mtu aliyeshika jozi ileile kila mwaka, 2016 hadi 2025. Jozi zenye namba mbili tofauti tumempa pande zote mbili, yaani visanduku viwili, kwa sababu 7–3 na 3–7 ni vyumba tofauti. Mgawo A unalipa dola 200 kila robo tatu za mwanzo na 400 mwisho. Mgawo B unalipa 250 kila robo. Mgawo C unalipa matokeo ya mwisho tu, 1,000 yote.

| Jozi | Alizotoa kwa miaka 10 | Mgawo A | Mgawo B | Mgawo C |
|---|---|---|---|---|
| 0–0 | 100 | 1,200 | 1,500 | 0 |
| 3–3 | 100 | 600 | 500 | 1,000 |
| 0 na 3 | 200 | 1,200 | 1,250 | 1,000 |
| 7 na 3 | 200 | 800 | 1,000 | 0 |
| 4 na 0 | 200 | 800 | 750 | 1,000 |
| 7 na 0 | 200 | 200 | 250 | 0 |
| 4 na 7 | 200 | 0 | 0 | 0 |
| 5 na 2 | 200 | 400 | 250 | 1,000 |

Mistari miwili ya chini inastahili kuangaliwa pamoja. Bingwa wa miaka 59, 4 na 7, hajalipwa hata senti katika robo 40. Kisanduku ambacho watu hukitupia kikaratasi kwa hasira, 5 na 2, kililipa mwaka 2024. Miaka kumi haitoshi kupanga bei, inatosha kuonyesha jinsi bahati inavyopiga mateke. Kinachoonekana katika jedwali hili ni kwamba 0 na 3 pamoja ni jozi tulivu, inalipa mapema na inalipa mwisho, wakati 0–0 ni tajiri wa asubuhi peke yake.

Teke moja, mikono miwili

Fainali ya 2024, Las Vegas, inafaa kufunguliwa kidogo. Robo ya nne San Francisco walifunga tachidauni, wakaongoza 16–13. Ilitakiwa iwe 17–13, lakini teke la nyongeza lilizuiwa. Kutoka hapo kila teke la golini lilihesabu kutoka kwenye 16: Kansas City wakasawazisha 16–16, San Francisco 19–16, Kansas City 19–19. Dakika 60 zikaisha kwa tarakimu 9–9. Muda wa nyongeza: San Francisco teke, 22–19. Kansas City tachidauni, na kwa kuwa mchezo uliishia palepale, hapakuwa na teke la nyongeza. 25–22. Ndivyo 5 na 2 ilivyozaliwa: teke lililozuiwa, na teke ambalo halikuhitajika.

Mwaka 2017 nao. Mwisho wa robo ya tatu Atlanta 28, New England 9, kwa sababu teke la nyongeza la New England liligonga mwimo. Lingeingia, ingekuwa 28–10, na hela zingetoka chumba cha 8–9 kwenda 8–0. Kisha 28–28 baada ya dakika 60, na 34–28 baada ya nyongeza.

Hizo mbili ndizo fainali pekee hadi ile ya 2025 zilizokwenda muda wa nyongeza, na ndizo zilizoleta ugomvi kwenye makapu yasiyoandika sheria. Je, mgawo wa mwisho unalipwa kwa 19–19 au 25–22? Karatasi ikisema «robo ya nne» tu, wote wawili wana hoja. Inatakiwa iandikwe: «matokeo ya mwisho, pamoja na muda wa nyongeza», au vinginevyo, lakini iandikwe kabla ya mpira kuanza.

Sasa kapu lipi?

Kabla ya kura ya namba, kila kisanduku kwenye kapu la 100 kina nafasi moja kati ya 100 kwa kila robo, na thamani yake ni sawasawa na bei yake, ilimradi mshika kapu hakati chake. Hakuna kona ya bahati, hakuna safu ya katikati yenye baraka. Anayekuambia «chukua vya pembeni» anakuuzia upepo. Kinachotofautiana ni mtawanyiko wa hela.

Kapu la A, 20-20-20-40, ndilo la kawaida na ndilo linalofaa wengi. Kapu la B, robo sawa, humpendelea aliyeangukiwa na 0, 3 au 7, kwa sababu robo ya kwanza, ambayo ni mali ya namba hizo, inalipa sawa na nyingine. Kwa hiyo kama kura imeshapigwa na kuna visanduku vimebaki vinauzwa kwa bei ileile (hutokea, na ni kosa la mshika kapu), kwenye B nunua 0–0, 0–7, 0–3 au 7–3 bila kusita. Kwenye C nunua 0, 1, 3, 4 na 7 kwa mchanganyiko wowote isipokuwa 0–0. Hapo ndipo namba zinakuwa hiari yako kweli, na hapo ndipo jedwali linalipa.

Kuna jambo ambalo makapu ya kawaida hayalisemi. Kati ya fainali zile kumi, sita zilimlipa mtu mmoja mara mbili. Mwaka 2024 mapumziko ilikuwa San Francisco 10, Kansas City 3, na robo ya tatu Kansas City 13, San Francisco 10: chumba kilekile, Kansas City 3 na San Francisco 0. Mwaka 2025 Philadelphia 24–0 halafu 34–0. Mwaka 2021 robo ya nne haikuwa na bao, 31–9 ikabaki 31–9. Mwaka 2022 ilikuwa 13–10 mapumziko na 23–20 mwisho. Vivyo hivyo 2019 na 2020. Kwa ujumla visanduku 34 kati ya 1,000 ndivyo vilivyoona hela kwa miaka kumi, yaani asilimia 3.4, si 4 kama watu wanavyopiga hesabu ya haraka.

Dawa ni kapu la namba mpya kila robo: kura inapigwa mara nne, na karatasi ina mistari minne ya namba juu na minne ubavuni. Aliyepata 2–5 robo ya kwanza anaweza kupata 7–0 mapumziko. Uwezekano wako kabla ya kura haubadiliki, lakini hakuna anayekaa saa tatu na nusu akijua kisanduku chake ni maiti. Kwa watu wengi na hela ndogo, hili ndilo tunalolipendekeza. Ubaya wake ni kazi: mshika kapu akikosea kusoma mstari wa robo ya pili badala ya tatu, ni kelele.

Kapu la kila bao hulipa kila pointi zinapobadilika. Linasisimua, lakini uliza swali moja kabla ya kulipa: tachidauni na teke lake la nyongeza ni badiliko moja au mawili? Kama ni mawili, namba 6 inapanda cheo ghafla, kwa sababu kila timu iliyo kwenye 0 ikifunga inapita 6 kabla ya kufika 7, iliyo kwenye 10 inapita 16, na kadhalika. Kama ni moja, 6 inarudi mahali pake. Pia hujui idadi ya malipo mapema, kwa hiyo lazima kuwe na kiasi maalumu kwa kila bao na kanuni ya salio.

Wengine hulipa pia kinyume, yaani ikitokea 7–3, mwenye 3–7 anapata kifuta jasho. Ni upole mzuri, ila kumbuka 0–0, 7–7 na ndugu zao hawana kinyume.

Familia au kundi la watu kumi na kitu wachukue karatasi ya visanduku 25, tano kwa tano. Kila safu inabeba namba mbili, kwa hiyo kila kisanduku kina jozi nne na nafasi moja kati ya 25 kwa robo. Namba mbovu hazibaki yatima: 5 inaweza kufungwa kamba na 0. Kujaza visanduku 100 kwa watu 12 ni kutafuta nakisi, na kisanduku kisichouzwa kikishinda mtagombana kuhusu hela zake.

Vingi pamoja au vya kutawanya?

Ukiwa na dola 100 na unataka visanduku kumi, una njia mbili za kupita kiasi. Safu nzima inakupa namba moja ya timu moja pamoja na namba zote kumi za timu ya pili. Kura ikikupa 0, utakuwa mtu wa kuamkiwa usiku mzima. Ikikupa 5, umechoma mia moja kabla ya wimbo wa taifa. Ulalo, kutoka kona hadi kona, unakupa kila namba ya kila timu mara moja moja. Wastani wa njia zote mbili ni uleule, asilimia 10 kwa robo. Tofauti ni moyo wako. Anayetaka kulala vizuri achukue ulalo, au avirushe tu ovyoovyo.

Yanayoharibika

Kosa kubwa ni kupiga kura kabla ya visanduku vyote kuuzwa. Aliyebakiza anajua nini kimebaki, na rafiki zake pia. La pili ni kura ya chumbani: mshika kapu peke yake na simu yake. Karatasi kumi ndani ya kofia, mtu asiye na kisanduku anachomoa, wengine wanatazama, dakika tano. La tatu ni kusahau kuandika ni timu ipi iko juu na ipi ubavuni. Bila hilo, 4–0 na 0–4 ni kitu kimoja, na watu wawili watakudai. La nne ni majina: «J.» si jina. Andika jina kamili na namba ya simu kwenye karatasi ya pembeni.

Na kukata. Kapu linalolipa dola 900 kati ya 1,000 limeshageuza kisanduku chako cha dola 10 kuwa cha dola 9. Kama hiyo 100 inakwenda shuleni au msikitini au kwa mgonjwa, isemwe wazi. Ikiwa inakwenda mfukoni mwa mshika kapu, mbali na kuwa ghali, katika majimbo mengi ndiyo inayogeuza mchezo wa kirafiki kuwa kamari isiyo halali. Sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo. Wafanyakazi wa serikali ya shirikisho ni marufuku kucheza kamari wakiwa kazini au kwenye majengo ya serikali, na karatasi ya visanduku haina msamaha humo.

Kwa Mwislamu anayealikwa kwenye sebule yenye karatasi, lipo kapu la bure: visanduku havilipiwi, mwenye nyumba anatoa zawadi zake mwenyewe, kama sahani ya mbawa za kuku kwa kila robo. Hesabu za namba ni zilezile.

Mwisho kabisa, kura ikishapigwa, kila mtu apige picha ya karatasi yote kwa simu, si kisanduku chake tu. Karatasi hulowa bia, huchanwa na watoto, na kuna namba 1 zinazogeuka 7 kwa kalamu moja kati ya robo ya tatu na ya nne.